Muulize Ticha: Siki ni asidi dhaifu, mbona inachoma?

Toleo lililopita nilikuwa najibu swali la achari, nikaandika sentensi moja tu kwamba siki ni asidi dhaifu, nikapita zangu. Kumbe nimetia mkono mzingani. Meseji zimekuja za wanafunzi, za mama lishe, za watu wa usafi, na mmoja kaandika "ticha acha uongo, dhaifu gani hiyo iliyonigusa kwenye kidonda nikaruka mpaka mlangoni?" Basi leo safu nzima ni ya asidi dhaifu na besi dhaifu, besi ni zile zinazozima asidi, kama magadi. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyaacha.

SWALI: Nilipewa sifuri kwenye praktiko

Ticha shikamoo. Mi nipo kidato cha sita, PCB, Morogoro. Juzi tulipewa asidi ya siki ya 0.1 M (M ni moli kwa lita), cc 25, tuititreti, yaani tuizime kidogo kidogo huku tukipima, na NaOH (kostiki soda) ya 0.1 M. Mi nikatia MO (methili oranji, kiashiria kinachogeuka rangi asidi ikiisha) manake ndo nimeizoea, nikashangaa ile rangi nyekundu inapotea taratibuuu, nilivyofika kama cc 8 ishakuwa njano kabisa. Wenzangu waliotia POP (fenolfthalini, kiashiria kingine) wote wamepata 25. Mwalimu kanipa sifuri akanambia nikasome. Nimesoma, sijaelewa. Kama asidi yenyewe dhaifu si ndo ilitakiwa iishe mapema? Afu HCl (asidi haidrokloriki, ile kali) ya 0.1 M pH yake, kile kipimo ambacho namba ikishuka asidi imepanda, ni 1, ya siki ya 0.1 M karibu 2.9, sasa hiyo asidi nyingine imeenda wapi?

*Ticha:* Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho ndo lenye utamu, nianze nalo.

Haijaenda popote. Ipo humo humo kwenye chupa, ila imefungwa. Chukua mfano wa mama muuza maandazi ana shilingi elfu kumi. Kwenye kibakuli mezani kaacha shilingi 130 za chenji, zilizobaki zote kazifunga kwenye pindo la kanga. Jirani yake naye ana elfu kumi ile ile ila yeye kaimwaga yote mezani. Sasa pH ni mpita njia anayechungulia vibakuli tu, habari za pindo hana. Atasema huyu wa pili tajiri, yule wa kwanza hana kitu, wakati wana hela sawasawa.

HCl ndo yule aliyemwaga yote. Ikiingia kwenye maji kila molekyuli inaachia ayoni yake (chembe yenye chaji) ya haidrojeni, kwa hiyo 0.1 M ya asidi inatoa 0.1 M ya haidrojeni, na pH inakuwa 1 moja kwa moja. Asidi ya siki inaachia halafu inashika tena, inaachia inashika, muda wote, na ukipiga picha dakika yoyote ile utakuta katika molekyuli 1000 ni kama 13 tu zimeachia, 987 bado zimeshika. Hiyo ndo maana ya dhaifu, hakuna nyingine. Hesabu yake usiiogope: Ka ya asidi ya siki, yaani namba inayoonesha inaachia kiasi gani, ni 1.8 × 10⁻⁵, zidisha na 0.1 unapata 1.8 × 10⁻⁶, tafuta kipeuo cha pili unapata kama 1.34 × 10⁻³, hiyo ndo haidrojeni iliyopo huru, bonyeza logi kwenye kalkuleta na ugeuze alama, 2.87. Hamna uchawi. Kipeuo cha pili kinakuja kwa sababu kila molekyuli ikiachana inatoa vipande viwili vilivyo sawa kwa idadi, haidrojeni moja na asetati moja, kwa hiyo unazidisha namba ile ile kwa yenyewe.

Sasa NaOH ni mdai. Anafika mezani anachukua zile 130. Mama anafungua pindo anaweka zingine, maana mezani hapakai patupu, mdai anachukua tena, mama anafungua tena, mpaka pindo linakauka. Mwisho wa siku mdai kaondoka na elfu kumi kwa wote wawili. Ndo maana cc 25 za siki zinataka cc 25 za NaOH kama HCl ileile, udhaifu haupunguzi kiasi cha asidi hata tone. Wewe ulidhani dhaifu maana yake kidogo. Na siyo wewe peke yako, nimesahihisha madaftari miaka mingi na hilo kosa nimelikuta kila mwaka.

Tena kuna neno letu zuri kabisa ambalo sijui kwa nini hatulitumii darasani, kuzimua. Ukiongeza maji kwenye kitu kikali umekizimua. Asidi iliyozimuliwa ni habari ya umetia maji kiasi gani, asidi dhaifu ni habari ya tabia yake yenyewe. HCl ukiizimua sana inabaki kuwa asidi kali, ila iko kidogo. Siki ukiinunua ile isiyo na maji kabisa, inayoganda kama barafu kwenye chumba cha baridi, bado ni asidi dhaifu na itakubabua ngozi vizuri tu. Na ukitaka kuona tabia zinavyotofautiana zimua zote mbili mara kumi. HCl inatoka pH 1 inakwenda 2, hatua nzima. Siki inatoka 2.87 inakwenda kama 3.38, nusu hatua, kwa sababu maji yakiongezeka vile vipande vinakutana mara chache, vinashindwa kushikana tena kirahisi, kwa hiyo asilimia ya walioachia inapanda, sasa katika 1000 ni arobaini na kitu. Mama kaona meza inakauka kafungua pindo.

Haya MO yako. MO inageuka kati ya pH 3.1 na 4.4. Kwenye HCl na NaOH haina shida kwa sababu karibu na mwisho pH inaruka kama imepigwa teke, inapita 3, 4, 9, 10 kwa tone moja mbili, kiashiria chochote kitageuka hapo hapo. Kwenye siki haipo hivyo. Ukishatia NaOH kidogo unakuwa na asidi ya siki pamoja na asetati kwenye chombo kimoja, na hao wawili wakiwa pamoja wanazuia pH isiende mbio, ndo bafa hiyo. Ukifika nusu, yaani cc 12.5, pH inakuwa sawa na pKa (logi ya ile Ka iliyogeuzwa alama), 4.74. Ukipiga hesabu ya cc 8 utapata kama 4.4. Umeiona hiyo? MO yako imemaliza kazi yake yote wakati theluthi mbili za asidi bado zipo. Na pale 25 kamili pH haiwi 7, inakuwa kama 8.7, kwa sababu kilichobaki ni asetati, na asetati yenyewe ni besi dhaifu inanyang'anya maji haidrojeni kidogo. POP inageuka kuanzia 8.2 hivi, kwa hiyo inakaa palepale panapotakiwa.

Ile sifuri mi nisingeitoa. Ulisoma byureti yako sawasawa ukaandika ulichokiona, wapo wanaochungulia kwa jirani wanaandika 25. Ila usimpelekee mwalimu hii kurasa, mpelekee hesabu ya cc 8.

Na yule bwana wa kidonda, jibu lako linatokea hapa hapa. Siki ya dukani yenye asidi asilimia 5 ina pH kama 2.4, hilo peke yake linatosha kukurusha. Ila kuna la zaidi. Zile molekyuli ambazo hazijaachia hazina chaji, na kitu kisicho na chaji kinapenya utando wa seli kirahisi kuliko ayoni. Kinaingia ndani mzimamzima halafu ndo kinaachia haidrojeni huko huko ndani. Bakteria wa kwenye achari wanakufa hivyo. Kwa hiyo embe lako la achari linakaa miezi kwa sababu siki ni dhaifu, siyo pamoja na kwamba ni dhaifu.

SWALI: Kanzu ya mume wangu imegeuka damu

Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Mume wangu kamwagikiwa na mchuzi wa biriani kwenye kanzu nyeupe, doa la njano la manjano. Nimelipaka sabuni ya mche pale pale, likageuka jekundu kama damu au mate ya tambuu. Nikasema sabuni feki, nikachukua ya unga, vile vile. Nimeiharibu?

*Ticha:* Waalaykum salaam dada. Hujaiharibu, na sabuni siyo feki, tena umefanya ekspirimenti nzuri kuliko za shuleni kwetu.

Rangi ya manjano inaitwa kurkumini na ni kiashiria kama ile MO ya mwanafunzi hapo juu. Kwenye asidi na kwenye maji ya kawaida ni njano, ikikutana na alkali, pH ikivuka 7.4 na kuelekea 8.6, inakuwa nyekundu ya kahawia. Sabuni ya mche inatengenezwa kwa mafuta na kostiki soda. Asidi za mafuta ni dhaifu, kostiki ni besi kali, na chumvi inayozaliwa na wazazi wa namna hiyo haiwi vuguvugu, inaegemea upande wa mzazi mkali. Ndo ile hadithi ya asetati na pH 8.7. Maji ya sabuni yanakaa kwenye pH 9 mpaka 10, hiyo inatosha kabisa.

Kamulia limao hapo kwenye doa utaona njano inarudi mbele ya macho yako, watoto waite waone. Lakini limao halitoi doa, linageuza rangi tu, usije ukanilaumu. Suuza vizuri, fua tena, halafu anika juani, jua la Tanga la saa sita. Kurkumini haivumilii mwanga, inavunjika, siku mbili tatu doa linafifia lenyewe. Na tafadhali dada, usimwagie Jik wakati limao bado lipo kwenye nguo. Sababu ipo chini huko.

SWALI: Magadi, baking soda, soda ash, ni kitu kimoja?

Habari ticha, nauza makande na maharage Arusha. Natumia magadi ya mawe, ya kuponda. Juzi yaliisha mfanyakazi wangu akasema tuweke "soda" aliyonayo nyumbani wanayotengenezea sabuni, nikakataa kwa sababu roho haikutaka. Je nilikosea? Na kwa nini maharage nikitia nyanya mapema hayaivi? Na sufuria zangu zinakuwa nyeusi.

*Ticha:* Roho yako ipewe mshahara. Ile soda ya sabuni ni kostiki, NaOH, hiyo ni besi kali inayokula ngozi na koo, ingeingia kwenye makande leo tungekuwa tunaongea mengine. Hili neno soda limebebeshwa watu wengi mno na ni hatari. Ukichukua tatu hizi ukazipima kwa kiwango sawa cha 0.1 M, kostiki inatoa pH 13, soda ash yaani sodiamu kaboneti inatoa kama 11.6, na baking soda yaani baikaboneti inatoa kama 8.3 tu. Zote nyeupe, zote unga, zote zinaitwa soda dukani. Kutoka 8.3 mpaka 13 ni kama hatua tano na kila hatua ni mara kumi, sasa zidisha mwenyewe.

Magadi yako ya mawe yanakaa katikati, ni kaboneti na baikaboneti zimeungana kwenye jiwe moja pamoja na maji, wataalamu wanaliita trona. Kwa hapo Arusha uko karibu na mama yao mzazi. Ziwa Natron liko kaskazini yenu, na ng'ambo ya mpaka kwa Wakenya kuna Ziwa Magadi ambako wanachimba soda tangu enzi za mkoloni. Maji ya maziwa hayo yanaweza kuvuka pH 10, na flamingo wadogo wanazaliana Natron kwa sababu fisi na wenzake hawapendi kutembea kwenye tope lile la magadi. Na pale pembeni kuna Ol Doinyo Lengai, mlima wa moto pekee duniani unaojulikana kutema lava ya sodiamu kaboneti sa hivi. Lava inatoka nyeusi, ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe. Yaani mlima unatema magadi. Mi nikiwaambia wanafunzi hawaamini mpaka niwaoneshe picha.

Kwenye sufuria kinachotokea ni hivi. Punje ya haragwe imeshikiliwa na gundi inaitwa pektini, na kalisi ndo misumari yake. Magadi yanaleta sodiamu, inang'oa hiyo misumari, na ile alkali yenyewe inayeyusha gundi haraka, maharage yanalainika, mkaa unapona. Nyanya, limao, ukwaju vina asidi dhaifu, vinafanya kinyume chake, pektini inakaza. Kwa hiyo nyanya tia haragwe likishaiva, siyo kabla, hii hata bibi yangu aliijua na hakuwahi kusikia habari za pektini.

Lakini punguza mkono. Magadi yakizidi yanaharibu vitamini B1, na yanaleta ile ladha ya sabuni, na mboga za majani zinabaki kijani kinachong'aa kama zimepakwa rangi lakini zimekuwa uji. Kuloweka usiku kucha kunafanya kazi kubwa tu bila magadi. Na sufuria za alumini ndo hivyo, alumini inajikinga na ngozi nyembamba ya oksaidi, alkali inaila hiyo ngozi. Ukichemsha maji yenye vipande vya limao kwenye sufuria hiyo weusi unatoka, ila na limao nalo likikaa sana linakula, kwa hiyo chemsha, mwaga, basi. Mi ningenunua ya steni ya makande tu.

SWALI: Maji ya alkali

Sasa mwalimu, niko Mombasa. Kuna jamaa anauza maji ya pH 9 bei ya soda tatu, anasema damu zetu zina asidi ndo maana tunaugua, na ukikosa hayo maji kunywa limao kwa sababu linageuka alkali likifika mwilini. Ukweli ni upi?

*Ticha:* Huyo jamaa ni yule mpita njia wa vibakuli.

Tufanye hesabu. Maji ya pH 9 ambayo hayana kitu kingine yana haidroksaidi (ile inayozima asidi) 10⁻⁵ M. Tumbo lako, tuseme liko kwenye pH 2, asidi yake ni 10⁻² M, hiyo ni mara elfu. Lita nzima ya maji yake inaweza kuzima mililita moja ya asidi ya tumbo. Moja! Kijiko cha chai hakijajaa. Halafu linganisha na baking soda ambayo pH yake ni 8.3, ndogo kuliko hayo maji ya bei mbaya. Gramu 5, kijiko kimoja, kinazima karibu lita 6 za asidi ya pH 2. Maji yana pH kubwa na pindo tupu, baking soda ina pH ndogo na pindo limejaa. Kwenye besi dhaifu namba ya pH peke yake haikwambii kitu kuhusu uwezo, na biashara yote ya yule bwana imesimama juu ya namba hiyo moja. Wala sikwambii unywe baking soda, ina sodiamu nyingi na wenye presha hawaitaki, na gesi yake tumboni si mchezo. Kiungulia kisichoisha nenda ukaonane na daktari.

Damu yenyewe inakaa pH 7.35 mpaka 7.45 na haibanduki hapo kwa ajili ya limao, kwa sababu ina bafa ya asidi kaboniki na baikaboneti, asidi dhaifu na mwenzake, ile ile habari ya siki na asetati. Asidi ikizidi unapumua haraka unaitoa kama kaboni dayoksaidi, na figo zinamalizia kwenye mkojo. Ukila limao nyingi kinachobadilika pH ni mkojo, siyo damu. Siku damu ikishuka chini ya 7 hutakuwa na nafasi ya kutafuta limao, utakuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Maji ya bomba yaliyochemshwa yanatosha kaka.

SWALI: Jik na siki

Ticha mimi nafanya usafi kwenye hoteli moja Dar, siitaji. Msimamizi alitwambia tuchanganye Jik na dawa ya choo ili ing'ae zaidi. Tulikohoa wote tukatoka mbio. Sasa anasema basi tutumie siki badala ya dawa ya choo kwa kuwa wewe umeandika siki ni dhaifu. Tufanyeje?

*Ticha:* Msifanye. Nisikilizwe vizuri hapa: siki na Jik hapana, limao na Jik hapana, dawa ya choo na Jik hapana kabisa, na vitu vyenye amonia na Jik pia hapana, hiyo inatoa gesi nyingine ya kloramini nayo inachoma mapafu.

Ndani ya Jik kuna haipokloraiti, ambayo ni mtoto wa asidi dhaifu inaitwa haipoklorasi, pKa yake kama 7.5. Kiwandani wanaiweka kwenye alkali kali makusudi ili itulie. Ukitia asidi yoyote unaishusha pH, haipokloraiti inageuka haipoklorasi, ukizidi kushusha inaungana na kloridi iliyomo humo humo inatoka gesi ya klorini. Gesi hiyo hiyo ndo Wajerumani waliyoifungulia kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Siki haihitaji kuwa asidi kali kufanya hivyo, inatosha pH ishuke, na pH ya siki ni 2.4. Ikitokea tena tokeni nje kwenye hewa, fungueni madirisha kama mnaweza kuyafikia bila kuivuta, na mwenye kukohoa kusikokwisha au kifua kubana aende hospitali asisubiri kesho.

Hii kitu ya dhaifu naona inawapotosha watu kweli kweli, kwa hiyo niongeze moja. Asidi haidrofloriki, HF, inatumika kuchonga vioo na imo kwenye baadhi ya dawa za kutolea kutu. Kwenye vitabu imeandikwa asidi dhaifu, pKa 3.2, dada yake HCl ndo kali. Lakini HF ni ya kuogopwa kuliko HCl mara nyingi. Inapenya ngozi kwa sababu haijaachana, ile njia ya siki, wakati mwingine huhisi hata maumivu mwanzoni, halafu ndani floraidi yake inakamata kalisi ya mwili na moyo unaweza kusimama. Kaeni mbali na chupa isiyo na lebo.

SWALI: pH ni kifupi cha nini?

Ticha, swali fupi, bodaboda Nakuru. Hii p ni ya nini na nani alileta?

*Ticha:* Mdenmark mmoja, Søren Sørensen, mwaka 1909, alikuwa kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Ndiyo, ya watu wa bia. Alikuwa anafanya kazi na vimeng'enya na vile vitu vinajali sana asidi, akachoka kuandika 0.00001 na 0.0000001 kutwa nzima, akaamua aziandike kama 10⁻⁵ na 10⁻⁷ kisha achukue ile tarakimu ya juu tu, bila alama ya kutoa. H ni haidrojeni. Kuhusu p watu wanabishana, mwingine anasema nguvu ya namba, mwingine kitu kingine, wewe ukiona p mbele ya kitu chochote jua ni logi iliyogeuzwa alama. Na ile 7 siyo takatifu, maji safi ni 7 yakiwa nyuzi 25, yakiwa nyuzi 37 ni 6.8 na bado hayana asidi wala alkali.

SWALI: Sina karatasi ya pH

Shikamoo ticha, nipo darasa la saba. Nataka kupima pH ya vitu vya nyumbani lakini karatasi hatuna. Nifanyeje?

*Ticha:* Marahaba mjukuu. Mwambie mama akupe choya kavu, konzi moja, loweka kwenye maji ya moto robo saa, chuja. Gawa kwenye vikombe vyeupe. Kikombe kimoja tia limao, kingine maji matupu, kingine maji ya baking soda, kingine maji ya majivu uliyoyachuja. Cha limao kitakuwa chekundu kikali, vya alkali vitageuka kuelekea kijani-kijani, cha majivu kitazidi cha baking soda kwa sababu majivu yana potasiamu kaboneti. Halafu chukua cha baking soda udondoshee siki tone tone, uhesabu matone mpaka wekundu urudi, uandike. Kitatoa povu, weka sahani chini. Choya iliyobaki tia sukari unywe, ila siyo ile ya majivu.